Kuonja Unga si Kuuliza

Nilirudi Korogwe na masanduku mawili, moja la nguo na moja la karatasi. La karatasi lilikuwa zito kuliko la nguo. Baba ndiye aliyelibeba kutoka stendi mpaka nyumbani Kwamndolwa, tena kichwani, akiamini kwamba ndani yake mna ile mashine niliyokwenda kuisomea. Alilitua sebuleni taratibu kama mtu anayetua mayai. Akalifungua mbele ya mama na majirani waliokuja kunipa pole ya safari. Akatoa karatasi moja, akaigeuza. Akatoa ya pili, akaigeuza nayo.

"Mashine yenyewe iko wapi?"

"Imebaki Norway, baba."

"Na hizi?"

"Ni karatasi za kuiandikia."

Baba akamgeukia mama. "Miaka miwili," akasema, "mtoto amekwenda Ulaya kujifunza kuandikia mashine barua."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hasa. Hakuna aliyewahi kuieleza kazi yangu vizuri hivyo, hata walimu wangu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Serikali ilikuwa inatafuta vijana wenye hesabu nzuri wa kupeleka nje, na mimi, ingawa msichana, nilikuwa na hesabu nzuri mno, nasema bila kujivuna. Nikapelekwa Norway kusomea kompyuta. Masomo yalikwisha na fedha za masomo zikaisha pamoja nayo, ila kazi moja ya mwisho ilikuwa imebaki, nayo ndiyo ya kupata cheti. Mwalimu wangu alikuwa mzee Mnorwei mrefu kama mnazi, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliniambia kazi hiyo naweza kuifanyia nyumbani: niandike programu kwa mkono, herufi moja katika kila kijiraba cha karatasi, niitume kwa posta. Yeye angeiingiza kwenye mashine kule na kunirudishia majibu.

"Lugha hii ya kompyuta ilitungwa kwa ajili ya foleni," alisema. "Chagua foleni yoyote ya kwenu."

Nilikaribia kumkumbatia. Mtu wa kwetu aambiwe achague foleni!

Lakini alinipa sharti. Lugha ile, iliyotungwa hukohuko kwao, haikuwa kama nyingine. Katika nyingine uliipa mashine amri tu: fanya hiki, kisha kile. Katika hii uliumba vitu kwanza. Kila kitu kilijua mambo yake na kilikuwa na vitendo vyake. Gari la kwenye programu linajua lina mafuta kiasi gani, na linajua kwenda na kusimama. Sharti lilikuwa hili: kabla sijaandika mstari hata mmoja, nivipange vitendo vya kila kitu katika mafungu, na niseme kwa nini kila kimoja nimekiweka pale nilipokiweka. Nusu ya alama zilikuwa hapo.

Wizara iliniambia nisubiri barua ya kupangiwa kazi. Nikaona badala ya kusubiri Kwamndolwa nikiulizwa na kila mpita njia kama Ulaya watu wanakula ugali, niende kwa shangazi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameolewa Handeni. Alikaa kijiji cha ujamaa kilichokuwa ndani kidogo, ukitoka Kabuku kuelekea Handeni mjini, na alikuwa msimamizi wa mashine ya kusaga ya kijiji. Alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini ya dizeli. Hata injini ikizimwa aliendelea kupiga kelele vilevile, na mumewe alisema hajawahi kusikia siri kutoka kwake ambayo kijiji kizima hakijaisikia. Halafu alikuwa ndiyo kwanza amehitimu darasa la watu wazima. Alikuwa anajua kusoma, na alisoma kila kitu kwa sauti: maboksi ya sabuni, mikebe ya mafuta, maandishi ya kwenye kanga za watu waliokuwa wanapita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Hebu nione hizo karatasi ambazo kaka amebeba kichwani!"

Kumbe habari ilikuwa imeshanitangulia.

Asubuhi yake nilikwenda naye mashineni, na hapo nikajua foleni yangu nimeipata. Kibanda kilikuwa cha matofali ya udongo na bati. Ndani mlikuwa na injini, mkanda mrefu wa kuzungushia kinu, mdomo wa kumiminia mahindi juu, na mfuko mrefu wa kitambaa kama mguu wa suruali ambao unga ulitokea chini yake. Nje walikuwa wanawake thelathini na zaidi na magunia yao, madebe yao, vikapu vyao, wakizungumza wote kwa pamoja, Kiswahili na Kizigua vikipandiana. Nilikaa juu ya tofali na daftari langu, nikahisi kichwa kinazunguka kwa furaha. Niliyoyasoma yote gizani kwenye theluji yalikuwa hapa, yamevaa kanga.

Jioni nilikata vikadi kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Katika kila kikadi niliandika kitendo kimoja, kwa Kiswahili, na chini yake nikaeleza kinafanya nini hasa. Programu yenyewe ningeiandika baadaye. Nikatandika mkeka nje na shangazi akaja kukaa.

"Unafanya nini?"

"Napanga vitendo kwa ngeli zake."

Neno la Kizungu, class, ningeweza kulitafsiri darasa, lakini nilijua angeuliza mwalimu ni nani. Ngeli alikuwa ameisoma juzi tu: mtu na watu, kiti na viti. Alilielewa palepale, tena vizuri kuliko nilivyolielewa mimi mara ya kwanza. Vitu vya ngeli moja vina tabia moja, ingawa kila kimoja ni chenyewe. Wateja ni ngeli moja. Mashine ni ngeli nyingine.

"Sasa mteja anatokea wapi?" nilimuuliza.

"Anatoka kwake."

"Kwenye karatasi hana kwake. Mpaka mimi nimwumbe. Kwa hiyo fungu la kwanza ni vitendo vya kuanzisha. Nikikiita kitendo hiki, mteja anapatikana, amesimama pale, ana gunia lake na subira yake."

"Subira kiasi gani?"

"Nitakayompa."

"Mpe kidogo," alisema shangazi. "Wa hapa wana kidogo."

Fungu la pili lilikuwa vitendo vya kuuliza. Mbele yako wako wangapi? Gunia lako lina madebe mangapi? Kitu kinakujibu na kinabaki kilivyokuwa. Fungu la tatu, vya kubadili: mimina, saga, jaza, ondoka. Ukiviita, kitu hakibaki kilivyokuwa. La nne lilikuwa vitendo vya ndani, ambavyo mtu wa nje haruhusiwi kuviita. Hili shangazi alilipenda sana.

"Kama nini?"

"Kama kuwasha injini. Mteja anasema tu nisagie. Hana habari kwamba wewe unazungusha hendeli, na mkanda ukiteleza unaupaka kitu gani sijui."

"Nta," akasema. Kisha akainua kidole. "Na ile nyingine."

"Ipi?"

Akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akinong'ona: "Nikiona haiwaki, naipiga teke pale chini."

Nikaandika kikadi: *Piga teke. Cha ndani.* Akakichukua, akakisoma kwa sauti, akakibusu.

Siku tatu zilizofuata tulikuwa kama vichaa wawili. Tulipanga kila kitu duniani. Kupika ni kubadili. Kuchungulia chungu ni kuuliza. Mtoto akizaliwa ni kuanzisha, na mume wa shangazi, mtu mkimya, aliposema kwamba kulala ni cha ndani tulicheka mpaka akaona haya akaenda kulisha mbuzi. Tulibishana juu ya salamu. Mimi nilisema salamu zote ni za kuuliza.

"Hujambo ndiyo ya kuuliza," alisema shangazi. "Na haibadilishi kitu, maana hata anayeumwa anajibu sijambo. Lakini shikamoo? Mzee amekasirika, anakuja na fimbo. Mwambie shikamoo. Ameshika fimbo vilevile?"

"Hapana. Anasema marahaba."

"Basi kimebadilika kitu. Weka kule."

Nikaiweka kule. Hata leo sijapata hoja ya kuiondoa.

Jambo lililonifurahisha zaidi ya yote lilitokana na mama mmoja tuliyemwita mama mwenye punda. Alikuwa Mmasai wa tambarare, anakuja kila baada ya siku kadhaa na punda wawili na magunia manne, mrefu, mwenye shanga hadi mabegani na maneno machache yenye ncha. Wanawake wa kijijini walifika na debe kichwani, wakalitua, wakasalimia foleni nzima mmoja mmoja. Yeye alifika na vumbi, akawafungua punda, akahesabu watu kwa macho, akakaa. Wote wamefika. Neno ni moja, kufika, ila kila mmoja kwa namna yake. Lugha yangu ya kompyuta ililijua hilo! Iliniruhusu kuandika kitendo *fika* katika ngeli ya wateja bila kusema kinafanyikaje, halafu kila tawi la ngeli lilete namna yake. Nilimweleza mama mwenye punda kwa mikono miwili nikirukaruka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulienda mbali sana," alisema, "kuambiwa kwamba mimi nina punda."

Katika vikadi vyote, kimoja nilikiandika kutokana na tabia ya shangazi mwenyewe. Mtu akisagiwa, ilikuwa lazima aulize, "Umelainika?" Hakuna anayetaka unga wenye chenga. Shangazi aliingiza mkono chini ya mfuko wa kitambaa, akachota unga kidogo kwa vidole vitatu, akausugua, akaulamba kwa ncha ya ulimi, akasema umelainika au bado. Unga uliobaki vidoleni aliukung'utia kwenye bakuli la bati lililokaa pembeni. Mteja mwenye wasiwasi aliuliza mara nne, mara tano. Nikaandika: *Onja unga. Chota kidogo, jibu ndiyo au bado.* Ni swali, si ndiyo? Mtu anauliza, anajibiwa. Nikakiweka fungu la kuuliza, na katika programu nikamfanya kila mteja aulize kila dakika, maana wa kwetu ndivyo walivyo. Mteja angeondoka pale unga wake utakapotimia kipimo cha mahindi aliyoleta.

Nilijaza karatasi kumi na tisa, nikapanda lori la mahindi mpaka Handeni mjini, nikazipeleka posta. Karani alipima bahasha, akasoma anwani, akaniuliza kama naomba kazi. Nikamwambia natuma wanawake thelathini wa foleni ya kusaga kwenda Norway. Akanitazama juu ya miwani. "Bila pasipoti?" akasema, akagonga muhuri. Nilitembea mjini siku hiyo nikijichekea peke yangu kama mtu aliyelewa.

Wiki saba zikapita. Nilimsaidia shangazi kushika mifuko, nikajifunza kujua kwa mlio tu kama injini inataka mafuta. Kisha ikaja bahasha nene, nyepesi, yenye karatasi zilizokunjwa kama feni. Niliifungulia palepale barazani pa posta.

Mwalimu aliandika kwa mkono, mistari michache. *Mteja wako wa kwanza alifika saa moja asubuhi. Tulipoizima programu alikuwa bado anasagiwa, na nyuma yake palikuwa na watu mia nne. Unga wake umepungua mpaka chini ya sifuri. Tafadhali niambie mama huyu amekosa nini. Kosa nimeliona, lakini sikuambii. Angalia mafungu yako.*

Unga chini ya sifuri! Handeni tumeona miaka ya njaa, lakini hatujawahi kuona gunia lenye unga uliozidi kukosekana. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilikuwa na nafasi ya kutuma mara moja tu tena kabla ya tarehe ya mwisho.

Nikakaa na vikadi siku nne. Nilifikiri vizuri, au niliona nafikiri vizuri. Unga umepungua. Kinachopunguza ni kitendo cha kubadili. Basi kosa limo katika fungu la kubadili. Nikavipitia vikadi vya fungu hilo mara ishirini: mimina, saga, jaza, ondoka. Vyote vilikuwa sawa. Nikavirudia. Fungu la kuuliza sikuligusa kabisa. Kwa nini niliguse? Kuuliza hakudhuru kitu. Nilikuwa nimeliandika hilo mwenyewe, kwa wino, kwamba vitendo vya fungu hili haviachi alama. Nikakonda. Shangazi akasema kompyuta ni kama mchumba, ikinyamaza inakondesha.

Siku ya tano nilivibeba vikadi mashineni nikavipange wakati injini imepumzika. Injini ilikuwa imezimwa ipoe, na foleni ilikuwa imekaa kivulini mwa kibanda, mama mwenye punda akiwamo. Shangazi, kwa kuwa hakuwa na boksi jipya la sabuni, akachukua fungu langu la kuuliza akaanza kujisomea kwa kelele, akifuata maneno kwa kidole.

"Wangapi... mbele... yangu. Haya. Gunia... lina... madebe... mangapi. Haya. Onja unga. Chota... kidogo... jibu... ndiyo... au... bado." Akakirudia. Kisha akakiweka kikadi kwenye goti na kunitazama.

"Hiki kimekaa pabaya."

"Kipi?"

"Hiki cha kuonja. Umesema kuuliza hakuachi alama. Mimi nikichota, unga unabaki palepale?"

Nikainama kukisoma upya kile kikadi.

"Nikichota," akasema, akipaza sauti kana kwamba injini inanguruma, "unga unapungua! Kuuliza gani huko kunakopunguza? Kama yule mama wa Norway anauliza kila dakika, na kila akiuliza nachota, ataondoka lini? Maskini wa Mungu! Mtamweka pale mpaka afe!"

Niliruka. Kweli niliruka, miguu yote miwili, vikadi vikatawanyika kwenye pumba. Nilimkumbatia shangazi, nikamkumbatia aliyekuwa karibu naye, nikamkumbatia na punda mmoja. Kosa lilikuwa limekaa mahali pekee ambapo sikulitafuta, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika mlangoni kwamba humu hamna makosa. Foleni nzima ikaanza kushangilia bila kujua inashangilia nini, wengine wakapiga vigelegele.

Ila mama mwenye punda hakushangilia. Alikuwa ametulia, anamtazama shangazi.

"Kila mara," alisema polepole, "ninasema magunia yangu yanarudi mepesi. Mnaniambia punda wamechoka."

Macho ya watu yakahama kutoka kwa shangazi yakaenda kwenye lile bakuli la bati pembeni ya mfuko. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, kilima kidogo cheupe, na ilikuwa bado asubuhi.

Sitasahau uso wa shangazi wakati ule. Hakuwa mwizi. Ninamjua. Alikuwa akichota kwa vidole vitatu kila anapoulizwa, kama alivyochota aliyekuwa msimamizi kabla yake, na jioni alilikuta bakuli limejaa akapika uji, bila kuwaza limejaaje. Sasa aliwaza. Nilimwona akiwaza. Mkono wake ukaenda mdomoni. Nami, niliyekuwa nimetoka kumkumbatia punda, nikatamani kikadi kile kingeliwa na mbuzi.

"Jamani," alisema, na kwa mara ya pili nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "mimi nilikuwa najibu tu."

Kisha mama mwenye punda akainuka, shanga zikalia. Akaingia kibandani, akalichukua bakuli, akalipima kwa mkono mmoja.

"Huu ni uji wa watu kumi," alisema. "Hapa tuko kumi na mbili. Weka maji mengi."

Kicheko kilichotoka pale sijui kilitoka wapi. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa akishika mbavu. Mwingine alikimbia kwake kuleta sufuria, mwingine kuni, mwingine ndimu. Injini ikasahauliwa ikapoa mpaka ikawa baridi. Tulikunywa uji ule kwa zamu kwa vikombe vitatu, shangazi akihudumia, machozi na kicheko vikimtoka pamoja, na kila aliyepewa kikombe alimwuliza, "Umelainika?" naye alijibu, "Onja mwenyewe!" Ikawa sheria tangu siku ile: mwenye unga ndiye anayeingiza kidole, anausugua mlemle ndani ya mfuko, na hautoki nje hata punje.

Nyumbani nilikigawa kile kikadi viwili. Kimoja kikawa *umelainika?*, kinachotazama tu na kujibu. Cha pili kikawa *chota*, kinachopunguza, nacho nikakiweka fungu la kubadili, na katika programu hakuna aliyekiita. Nilimweleza mwalimu sababu, nikamwambia pia aliyelipata kosa ni nani na amesoma wapi: darasa la watu wazima, chini ya bati, mwaka mmoja na nusu. Nikatuma.

Majibu yalirudi baada ya wiki sita na siku moja. Nilirudi nayo kijijini bila kuyafungua, safari nzima nimeyakalia ndani ya lori ili nisishawishike. Nilimpa shangazi afungue, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Alisoma mbele ya foleni, namba moja moja.

"Mteja wa kwanza... amefika saa moja. Ameondoka... saa moja na dakika kumi na mbili."

"Ameondoka!" foleni ikapiga kelele.

"Mteja wa pili... ameondoka."

"Ameondoka!"

Ikaendelea hivyo hadi mteja wa thelathini na moja. Kila mmoja alitaka kujua yeye ni wa ngapi, na waliokuwa wa mwisho walikasirika kana kwamba nimewapanga mimi. Mwalimu alikuwa ameandika chini kwamba nimefaulu, kwamba maelezo yangu ya mafungu ameyasoma mbele ya wanafunzi wake, na kwamba anaomba kujua shangazi anaonaje kuhusu mafungu mengine mawili ambayo wao wenyewe hawajakubaliana.

"Mwambie nina kazi," alisema shangazi, lakini alitembea siku nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Karatasi zilionyesha jambo jingine. Asubuhi watu wanarundikana mpaka nje, na alasiri mashine haina mtu. Shangazi aliponisomea hilo aliguna. "Hili ningekuambia mimi hapahapa. Si lazima lipande ndege." Hata hivyo alilipeleka kwenye mkutano wa kijiji, na ikapangwa: wanaotoka mbali waje asubuhi, wa hapa karibu waje alasiri. Ilifanya kazi ajabu. Kwa wiki nzima hakuna aliyengoja zaidi ya watu wawili. Mtu alifika, akasagiwa, akaondoka, kibanda kikawa kimya.

Wiki ya pili, asubuhi, nilimkuta jirani wa shangazi amekaa kivulini na debe lake, saa nyingi kabla ya zamu yake.

"Mama, si ni alasiri?"

"Alasiri hakuna mtu," alisema kwa uchungu. "Nimekaa jana peke yangu kama mgonjwa. Hujui nani kaolewa, hujui nani kajifungua. Kusaga gani kule?"

Kabla ya wiki kwisha foleni ilikuwa imerudi yote, ndefu kuliko mwanzo. Nilikuwa na programu sahihi, nimefaulu, na hakuna mtu mmoja kijijini aliyetaka jibu lake. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha kiasi kile. Nilicheka nalo siku mbili.

Barua ya wizara ilikuja mwezi huo: niende Dar es Salaam, kuna kompyuta imefika na inahitaji watu wa kuiandikia. Nilipanga kuondoka Jumatatu kwa lori la asubuhi. Nilipita mashineni kuaga, dakika tano tu. Mama mwenye punda alikuwa amefika na alikuwa na habari ya harusi ya huko tambarare iliyovunjika kwa sababu ya ng'ombe mmoja mweupe, na habari ile ilikuwa na sehemu nyingi. Lori lilipiga honi barabarani mara ya kwanza, likapiga mara ya pili. Niliondoka Jumanne.